Somo: Kupata aina mpya ya muwa, kutoka ua hadi maotea (miwa inayochipua upya baada ya kuvunwa)

Pingili huzaa muwa uleule uliokatwa. Aina mpya hutoka kwenye mbegu ya ua, na hakuna mbegu mbili zinazofanana.

Hatua ya 1: Wazazi. Oanisha muwa wenye sukari nyingi na wenye kinga. Aina ya muwa iitwayo POJ 2878, iliyopatikana Java mwaka 1921, ilichanganya damu ya muwa mnene wenye sukari na ya muwa mwitu, mwembamba lakini sugu.

Hatua ya 2: Chavua. Usiiruke hata siku moja! Kung'uta chavua kwenye kioo, tia tone la ayodini, tazama kwa hadubini. Punje hai zimejaa wanga, hugeuka nyeusi. Kapi, yaani punje tupu zisizo hai, hubaki na rangi ya njano. Ua lenye kapi tupu ndilo jike. Jike mwenye chavua hai hujichavusha mwenyewe, nawe utalea miche dhaifu ukidhani ni chotara. Funika maua yote mawili kwa kitambaa, dume likae juu ya jike.

Hatua ya 3: Kuotesha. Kausha manyoya ya ua pamoja na mbegu zake. Tandaza juu ya udongo uliochemshwa, usifukie. Weka unyevu na joto la nyuzi 30 hivi. Mbegu za kuhifadhi zigandishwe.

Hatua ya 4: Kuchuja. Hapa ndipo miaka 10 na zaidi huenda. Mwanzoni kila aina ina mche mmoja tu, kwa hiyo usiamini uzito wake. Angalia unene, idadi ya miwa na brix (kipimo cha utamu wa maji ya muwa). Miche itakayobaki ipandwe kwa pingili, kila aina kwenye vitalu kadhaa.

Kinga ipimwe mapema. Kwa fugwe, ugonjwa wa kuvu unaotoa unga mweusi, loweka pingili dakika 30 kwenye maji yenye spora (vijimbegu vya kuvu) milioni 5 kwa kila mililita, panda, kisha hesabu mashina yanayotoa mjeledi mweusi. Panda pembeni aina inayojulikana kuugua: isipougua, jaribio limeharibika.

Swali: Brix nipime sehemu gani ya muwa?
Jibu: Juu na chini. Vipimo vikikaribiana, muwa umekomaa. Cha juu kikiwa kidogo sana, subiri. Ukilinganisha sasa utatupa aina nzuri inayochelewa kukomaa.

Swali: Mwalimu, aina yangu iliongoza mwaka wa kwanza, kwenye maotea ikadumaa. Ni mbegu?
Jibu: Huenda ni bakteria wa udumavu, anayesambazwa na panga. Pasua muwa uangalie vidoa vyekundu kwenye vifundo, ingawa havionekani kila mara. Tibu pingili kwa maji ya nyuzi 50 kwa saa 2, safisha panga kwa dawa, kisha rudia jaribio. Ikidumaa tena ikiwa safi, iache.