Shida yako iende ofisi ipi? Ngazi za utawala mkoani Mwanza

Mkoa wa Mwanza una wilaya 7 lakini halmashauri 8, na hapo ndipo nauli nyingi hupotelea. Wilaya ni mkono wa serikali kuu: mkuu wa wilaya huteuliwa na rais, na chini yake wapo maafisa tarafa. Halmashauri ni serikali ya mitaa. Ina madiwani na mkurugenzi, inakusanya ushuru, inatoa leseni za biashara na za uvuvi. Chini yake ni kata, kisha mtaa kwa mjini, au kijiji chenye vitongoji.

Kwanza ijue halmashauri yako. Usikisie kwa jina la wilaya. Sengerema ni wilaya moja yenye halmashauri mbili, Sengerema na Buchosa. Mvuvi wa kisiwa cha Kome akitaka leseni, ofisi yake ni Nyehunge, si Sengerema mjini. Mwenye duka Kirumba naye atasema yuko Mwanza mjini, apange foleni Halmashauri ya Jiji la Mwanza, kumbe ni wa Manispaa ya Ilemela. Jiji ni Nyamagana tu: Igoma, Mkuyuni, Mkolani na kwingineko. Jimbo la uchaguzi nalo lisikuchanganye: Kwimba ina majimbo mawili, ila halmashauri ni moja, iliyoko Ngudu.

Kisha anzia chini. Barua ya utambulisho chukua kwa mtendaji wa mtaa au kijiji, si kwa balozi wa nyumba kumi, maana huyo ni kiongozi wa chama. Kagua kabla hujaondoka: jina lifanane na kitambulisho cha taifa, muhuri usomeke, tarehe iwepo.

Mgogoro wa ardhi ndio unaowazungusha watu zaidi. Wengi hukimbilia kwa DC, yaani mkuu wa wilaya. Ni mazoea ya enzi za utemi, mtemi (chifu wa jadi) alipotawala na kuhukumu palepale. Utemi ulifutwa 1963, na DC hatoi hukumu. Peleka malalamiko kwa maandishi kwenye baraza la kata, ubaki na nakala iliyogongwa muhuri wa kupokelewa. Tangu 2021 baraza hilo husuluhisha tu. Likishindwa, dai cheti cha kushindikana kwa usuluhishi, ndipo ufungue shauri Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya. Siku 30 zikipita bila suluhu, unaweza kwenda bila cheti, na ile nakala ndiyo itakayothibitisha siku ulizosubiri.

Barabara ya mtaani ikikatwa na mvua, mwenye kazi ni TARURA, wakala wa barabara za vijijini na mijini. Barabara kuu na za mkoa ni za TANROADS, wakala wa barabara wa taifa.