Kuandika dhima na mawanda ya kikundi cha ramani za maafa

Anzeni na mtu atakayeitumia ramani. Tuseme ni Halmashauri ya Bahi, mkoani Dodoma, inayotaka kujua vitongoji vinavyokatika mvua zikishika. Mfuateni mratibu wa maafa mumuulize: anafanya uamuzi gani, mwezi gani, na anakosa nini kwenye ramani aliyonayo? Bila majibu hayo kikundi huchora maelfu ya nyumba zisizomsaidia yeyote.

Dhima iwe sentensi mbili ambazo mtendaji wa kijiji ataelewa bila kufafanuliwa. Kwa mfano: "Tunachora barabara, vivuko, makazi na zahanati katika kata za Bahi zinazokumbwa na mafuriko, na kuziweka OpenStreetMap, ramani ya mtandaoni iliyo wazi kwa wote, zitumike bure. Tunaihudumia halmashauri na waokoaji, kabla ya mvua na wakati wa maafa." Maneno kama "kuinua ustawi wa jamii" yafuteni, maana hayawasaidii kujua kazi ipi mkatae.

Eneo la kwanza liwe kata moja. Dodoma ina msimu mmoja wa mvua, takriban Desemba hadi Aprili, kwa hiyo choreni kwa picha za setilaiti kuanzia Juni, na uhakiki wa uwandani uishe kabla ya Novemba, barabara zikiwa bado zinapitika.

Orodha ya vitu vya kuchora ndiyo inayohitaji umakini zaidi. Paa la tembe ni la udongo, rangi yake ni ile ile ya ardhi, na mgeni wa kazi hulipita bila kuliona. Familia nzima inakosekana kwenye hesabu. Korongo lililokauka, lenye mchanga mweupe, hufanana na barabara pana. Likichorwa hivyo, gari la msaada linaelekezwa mtoni. Zizi la miiba nalo huchorwa kama nyumba. Kwa hiyo gaweni orodha mara mbili: vinavyochorwa kwa picha (majengo, njia, makorongo) na visivyoingia mpaka mtu afike (jina la kitongoji, kisima kinachotoa maji, kivuko kinachopitika masika). Kila wachoraji wapya watano wapewe mhakiki mmoja mzoefu. Wakizidi hapo, makosa hupita.

Andikeni pia msichofanya. Hamnakili kutoka Google Maps. Leseni yake hairuhusu, na data hiyo hufutwa. Hamweki majina ya wenye nyumba wala nyumba salama za wasichana waliokimbia ukeketaji, kwa sababu OpenStreetMap husomwa na kila mtu, hata anayewatafuta. Mipaka ya vijiji yenye mgogoro wa wakulima na wafugaji msiichore kwa kusikia. Tahadhari za mvua waachieni Mamlaka ya Hali ya Hewa.

Maafa yakitokea nje ya eneo lenu, kama tope la Mlima Hanang lililoingia Katesh tarehe 3 Desemba 2023, nani anaamua mwingie? Tajeni watu wawili kwa vyeo vyao, na sharti moja: waangalie kwanza Tasking Manager, tovuti ya kugawa kazi za uchoraji ya HOT (Humanitarian OpenStreetMap Team), kama kuna wanaolichora eneo hilo tayari. Wakiwapo, jiungeni nao. Kazi ikifanywa mara mbili, nyumba moja huonekana mbili.

Kila Mei, mvua zikishaisha, rudini kwa mratibu na ukurasa mlioandika dhima na mawanda yenu mkononi. Alichokitumia kibaki, ambacho hakukigusa mjadiliane naye kabla ya kukiondoa.