Kabla hujafungasha: michezo, sanaa na maisha ya mwanafunzi katika chuo kidogo cha binafsi Marekani

Tarehe 1 Julai 1859, wanafunzi wa vyuo vya Amherst na Williams walikutana katika mji wa Pittsfield, Massachusetts, wakacheza besiboli. Amherst ikashinda kwa 73 dhidi ya 32. Safari hiyohiyo wakashindana pia kwenye sataranji. Mpaka leo vyuo vidogo vya binafsi vya Marekani vinapenda kumwona kijana yuleyule uwanjani, jukwaani na maktabani. Williams kina wanafunzi kama 2,000 tu, lakini kina timu 32 za chuo, mbali na kwaya, okestra na vikundi vya maigizo. Piga hesabu mwenyewe: nafasi ni nyingi, watu ni wachache, kwa hiyo unahitajika. Ila nafasi nyingi kati ya hizo hupangwa miezi kabla mwanafunzi hajakanyaga bwenini, na nimeona vijana wenye vipaji wakizikosa kwa sababu tu hawakuuliza mapema.

Anza na fedha, maana hapo ndipo wengi hujidanganya. Vyuo vingi vya aina hii viko Daraja la Tatu la NCAA, chama kinachosimamia michezo ya vyuo, na katika daraja hilo ni marufuku kumpa mwanafunzi ufadhili kwa sababu ya mchezo wake. Kocha anaweza kukusemea kwenye ofisi ya udahili, basi. Msaada wa fedha utatokana na uwezo wa familia yako au matokeo yako ya masomo. Mtu akikuahidi ufadhili wa soka kwenye chuo cha daraja hilo, shaka naye. Sanaa ni habari nyingine. Baadhi ya vyuo hivyo hutoa ufadhili wa muziki au maigizo hata kwa asiyechukua shahada ya fani hiyo, kwa sharti kwamba utaimba au kupiga ala muhula baada ya muhula. Usaili wake mara nyingi hufanyika mwanzoni mwa mwaka, kabla ya majibu ya udahili kutoka. Ukiuliza Agosti, umechelewa.

Kocha naye mwandikie mapema, barua pepe fupi. Taja mchezo, nafasi unayocheza au umbali unaokimbia, muda wako bora na tarehe ulipoupata, kisha mwaka utakaoanza chuo. Jua vipimo vyao. Mbio za nyika za vyuo kwa kawaida ni kilomita 8 kwa wanaume na 6 kwa wanawake, kwa hiyo muda wako wa mita 5,000 utamsaidia kuliko hadithi ndefu kuhusu medali. Waogeleaji wajue kwamba msimu wa vyuo huogelewa kwenye mabwawa ya yadi 25, hivyo muda wa mita usiulinganishe na wa yadi bila kuubadilisha. Muulize pia waziwazi: je, timu humpokea kila anayejitokeza, au kuna mchujo? Na mgeni kutoka nje ya Marekani anahitaji kujisajili wapi ili athibitishwe kuwa si mchezaji wa kulipwa? Kama umewahi kulipwa hata posho ndogo na klabu, mweleze sasa. Ni heri jambo hilo lijulikane mapema kuliko lilipuke katikati ya msimu.

Suala la afya naliwekea mkazo kwa sababu linatuhusu sana sisi Waafrika. Kabla ya mazoezi ya kwanza, mchezaji lazima awe amepimwa na daktari ndani ya miezi 6 iliyotangulia, na NCAA inataka hali yake ya kubeba kinasaba cha seli mundu ijulikane. Wengi wetu tuna ndugu mwenye ugonjwa wa seli mundu, lakini wenyewe hatujawahi kupima kama tunabeba kinasaba. Pima ukiwa bado nyumbani, chukua majibu kwa maandishi, yatafsiriwe kwa Kiingereza kama hayako hivyo. Kubeba kinasaba hakukuzuii kucheza. Kunamfanya mtaalamu wa tiba wa timu ajue kwamba usisukumwe kwa kasi siku ya kwanza kwenye joto, unywe maji ya kutosha, na ukilalamika uchovu usio wa kawaida upumzishwe mara moja. Wanariadha wa vyuo wamewahi kufa kwa kutojua hilo, nami siwezi kulipitia haraka. Beba pia kadi yako ya chanjo, maana chuo kitaidai hata kama huchezi chochote, na uliza kama bima ya afya ya wanafunzi inagharimia majeraha ya michezo.

Baada ya hapo, tazama tarehe. Timu za msimu wa vuli, yaani soka, mbio za nyika, voliboli ya wanawake na nyinginezo, huitwa chuoni Agosti, kabla ya masomo kuanza. Mwenye viza ya F-1, yaani ya mwanafunzi, haruhusiwi kuingia Marekani zaidi ya siku 30 kabla ya tarehe ya kuanza programu iliyoandikwa kwenye fomu yake ya I-20 anayopewa na chuo. Linganisha tarehe hizo mbili kabla ya kukata tiketi, na kama hazipatani, iandikie ofisi ya wanafunzi wa kimataifa. Viza hiyo pia inakutaka uwe mwanafunzi wa muda wote, kwa kawaida krediti (vipimo vya uzito wa masomo) 12 au zaidi kila muhula, hivyo huwezi kuacha somo kiholela ili upumue wakati wa mashindano. Kazi ndani ya chuo inaruhusiwa hadi saa 20 kwa wiki muhula unapoendelea. Kupiga gitaa kwa malipo kwenye mgahawa wa mjini ni kazi nje ya chuo, na bila kibali kunahatarisha viza yako. Vivyo hivyo kwa pesa za matangazo ambazo wachezaji wa vyuo wameruhusiwa kupokea tangu Julai 2021. Mwenzako Mmarekani atazipokea. Wewe usiguse kabla ya kupata ushauri wa kisheria.

Sasa ratiba, ambayo ndiyo kiini cha yote. Uzuri wa chuo kidogo ni kwamba unaweza kukimbia alasiri na kufanya mazoezi ya tamthilia usiku. Ubaya ni kwamba maabara ya kemia, mazoezi ya timu na kwaya vinaweza kuangukia saa zilezile, na chuo kidogo mara nyingi hufundisha somo fulani mara moja tu kwa siku. Hakuna kipindi cha pili cha kukimbilia. Kabla ya kujiandikisha masomo, chora wiki yako kwenye karatasi: vipindi, maabara, mazoezi, chakula (ndiyo, andika na muda ambao bwalo linafungwa), usingizi. Kisha weka kalenda ya mashindano juu ya kalenda ya maonyesho. Ukiona fainali ya ligi imeangukia wiki ya onyesho, mwambie kocha na mwongozaji siku hiyohiyo, ikiwezekana katika barua moja ili kila mmoja aone unachomwambia mwenzake. Watu hawa wamezoea kugawana wanafunzi. Kinachowaudhi ni kugundua mgongano huo Oktoba, muhula ukiwa umeshapamba moto. Walimu nao waonyeshe siku za safari za timu wiki ya kwanza ya muhula, si usiku wa kuamkia mtihani.

Kwa upande wa sanaa, nenda na kitu mkononi. Mwigizaji akariri vipande viwili vya dakika moja au mbili, kimoja cha huzuni na kimoja cha kuchekesha. Mwimbaji awe na wimbo anaoujua usingizini, pamoja na noti zake kwa ajili ya mpiga piano. Mchoraji apige picha safi za kazi 10 hadi 15 kwenye mwanga wa mchana. Na usiogope kwenda na wimbo wa kwenu. Uliza pia kama mafunzo binafsi ya ala yana ada ya ziada, na kama kuna ala za kuazima.

Vilabu visikuhangaishe. Kutakuwa na siku ya maonyesho ya vilabu, utajaribiwa kuandika jina lako mahali kumi. Jiandikishe kwenye viwili tu, uvitumikie kweli. Klabu ya watu wanane ikipoteza watatu inakufa.

Mwisho, uliza bweni linafungwa lini Desemba, nani anabaki, na bwalo linapikia nani wakati huo, kwa sababu mchezaji wa mpira wa kikapu huitwa mapema Januari na kijana wa mbali hana pa kwenda. Mkobani weka viatu vya mazoezi ulivyokwisha kuvizoea, si vipya, na mavazi meusi yasiyo na nakshi: kwaya, okestra na wafanyakazi wa nyuma ya jukwaa wote huvaa nyeusi.