Somo: Ukishuku mtoto anafanyiwa ukatili au ametelekezwa, sheria inakutaka ufanye nini

Somo hili ni la mwalimu, muuguzi, daktari, mlezi wa kituo cha watoto, kocha, mshauri nasaha, na kila ambaye kazi yake inamkutanisha na watoto. Katika nchi nyingi, mtu wa namna hiyo akishuku kwamba mtoto anafanyiwa ukatili, kutoa taarifa si hisani wala hiari. Ni wajibu wa kisheria, na kunyamaza kunaweza kumfikisha mahakamani au kumponza leseni yake.

Nimekaa miaka mingi upande wa wanaopokea taarifa hizo, kwenye ustawi wa jamii. Zinazochelewa, karibu zote huchelewa kwa sababu moja: mtu alikuwa anasubiri apate uhakika. Alitaka amuulize mama kwanza, aone kama jambo litajirudia, akusanye ushahidi. Sheria haikumtuma hayo. Imemtaka aseme alichokiona na kwa nini kimemtia shaka. Uchunguzi una wenyewe.

Sheria hizi si za kale. Mwaka 1962 daktari wa watoto C. Henry Kempe na wenzake huko Denver, Marekani, walichapisha makala iliyowaonyesha madaktari kwamba mifupa iliyovunjika kwa nyakati tofauti, pamoja na damu kuvilia kichwani kwa watoto wadogo, mara nyingi haikuwa ajali. Picha za eksirei zilikuwepo siku zote. Kilichokosekana ni mtu wa kukubali kwamba mzazi anaweza kuwa ndiye aliyemuumiza mtoto. Kufikia 1967 majimbo yote ya Marekani yalikuwa na sheria ya kutoa taarifa. Mkataba wa Haki za Mtoto wa 1989, kifungu cha 19, nao ukautaja utoaji taarifa kuwa sehemu ya ulinzi ambao nchi zinatakiwa kumpa mtoto.

Hatua ya kwanza: soma sheria inayokuhusu kabla hujaihitaji

Tafuta nani anatajwa, kiwango gani cha shaka kinatosha, na taarifa inapelekwa wapi. Majibu hayafanani. Kifungu cha 110 cha Sheria ya Watoto ya Afrika Kusini (Namba 38 ya 2005) kina orodha ndefu: madaktari, wauguzi na walimu wamo, lakini wamo pia madaktari wa meno, wakaguzi wa kazi, maafisa uhamiaji, viongozi wa dini, waganga wa jadi, hata wanaojitolea kwenye vituo vya kulelea watoto. Jimbo la California, Marekani, limewataja mpaka wanaosafisha picha kibiashara. Tanzania imepita njia nyingine: kifungu cha 95 cha Sheria ya Mtoto ya 2009 kinamtwisha wajibu mtu yeyote katika jamii mwenye taarifa kwamba haki za mtoto zinakiukwa, aipeleke kwa mamlaka ya serikali za mitaa ya eneo lake. Kwa hiyo usijitoe haraka kwa kusema wewe si mtaalamu wa watoto.

Kiwango cha shaka huelezwa kwa maneno tofauti, lakini mengi yanakaribiana: sababu za msingi za kuamini, au shaka yenye msingi. Maana yake, mtu mwenye mafunzo kama yako, akiona ulichokiona, naye angeshuku. Hakuna panapokutaka ujue nani alifanya.

Hatua ya pili: jua cha kuangalia

Mtoto anayetembea huanguka, na kuanguka huacha alama pale ambapo mfupa uko karibu na ngozi: magotini, kwenye miundi, kwenye kipaji cha uso. Damu iliyovilia kwenye kiwiliwili, sikio au shingo ya mtoto wa chini ya miaka 4 ni habari nyingine. Na mtoto wa chini ya miezi 4, ambaye hajaanza hata kutambaa, hatarajiwi kuwa na alama ya namna hiyo popote mwilini. Akiwa nayo, hata iwe ndogo, apelekwe kwa daktari siku hiyo hiyo. Kwenye majeraha ya moto, aliyemwagikiwa maji huwa na alama za matone na kingo zisizo sawa, lakini aliyezamishwa miguu huungua mpaka mstari mmoja ulionyooka, kama ukingo wa soksi, miguu yote miwili sawasawa.

Sikiliza pia maelezo. Yanabadilika kila yanaposimuliwa? Baba na mama wanasema tofauti? Jeraha ni la juzi lakini mtoto analetwa leo? Mtoto wa miezi miwili "alipanda kitandani akaanguka"?

Tahadhari moja muhimu: madoa ya buluu au ya kijivu kiunoni na matakoni mwa watoto wachanga, hasa wenye ngozi nyeusi, mara nyingi ni ya kuzaliwa nayo. Hayaumi yakiguswa na hayageuki rangi siku hadi siku. Angalia kumbukumbu za kliniki tangu kuzaliwa kabla hujaandika kitu.

Utelekezaji, yaani mtoto kutopewa matunzo anayostahili, ndio unaotupita wengi, kwa sababu hauna siku moja ya kuushika. Marekani, ambako takwimu hukusanywa kila mwaka, utelekezaji ndio unaoongoza kwa mbali miongoni mwa aina zote za ukatili kwa watoto. Unakuja kidogo kidogo: jino lililooza na kuuma kwa miezi bila kutibiwa, mtoto mwenye kifafa ambaye dawa zake hazichukuliwi, wa miaka mitano anayebaki usiku na mdogo wake bila mtu mzima. Siku moja moja ukiitazama peke yake haisemi lolote, ndiyo maana kumbukumbu ni za lazima.

Hapa tutofautishe na umaskini. Mtoto asiye na viatu kwa kuwa mzazi hana uwezo hajatelekezwa. Kile kifungu cha 95 cha Tanzania kimeliweka vizuri: kinamzungumzia mzazi au mlezi anayeweza kumpa mtoto chakula, malazi, matibabu au elimu lakini anakataa au anapuuza. Familia isiyo nacho inahitaji msaada, na msaada unaombwa kwa njia yake. Isiombewe kwa njia ya tuhuma.

Hatua ya tatu: mtoto akianza kusema, msikilize

Hii ndiyo hatua inayoharibika kwa nia nzuri. Mtoto anasema, "Mimi sitaki kurudi nyumbani leo." Mtu mzima, kwa huruma, anauliza: "Baba amekupiga tena?" Swali hilo limeshampa mtoto jibu, na siku ya mahakama wakili wa utetezi ataanzia hapo hapo.

Sema: "Niambie." Au: "Kumetokea nini?" Akinyamaza, nyamaza naye. Usimkatize, usionyeshe mshtuko, usimrudishe kwenye sehemu ngumu ili upate picha kamili. Ukishajua kwamba pana jambo la kutolewa taarifa, inatosha. Wapo waliofundishwa kuwahoji watoto, na kila anaporudia simulizi kwa mtu mpya huumia upya.

Mwisho mwambie, kwa maneno yake, kwamba umemsikia, kwamba si kosa lake, na kwamba kuna watu utakaowaambia ili asaidiwe. Usimpe ahadi usiyoweza kuitimiza.

Hatua ya nne: andika, siku hiyo hiyo

Tarehe, saa, mahali, nani walikuwepo. Kisha ulichokiona, bila tafsiri. Tazama tofauti:

"Mtoto amepigwa vibaya na anaonekana kumwogopa baba yake."

"Saa 2:20 asubuhi, wakati wa kuvua sweta, niliona alama tatu za damu kuvilia kwenye mkono wa kushoto, upande wa ndani, juu ya kiwiko. Kila moja ni ya duara, upana wa sentimita moja hivi, rangi ya zambarau. Nilimuuliza imekuwaje. Alisema: 'Alinishika hivi,' akaubana mkono wake kwa vidole. Sikumuuliza zaidi."

Sentensi ya kwanza ni hukumu. Ya pili inampa daktari mahali pa kutazama, inampa mpelelezi neno la kwanza la mtoto, na inakulinda wewe. Maneno ya mtoto yaandike kama alivyoyatamka, hata kama ni ya kitoto au ni ya matusi. Usimpige picha kwa simu yako binafsi.

Hatua ya tano: toa taarifa

Piga simu au nenda kwa mamlaka iliyotajwa na sheria yako: ustawi wa jamii, polisi, au shirika la ulinzi wa mtoto lililoteuliwa. Tanzania, Kenya na Uganda zina namba ya bure ya huduma kwa mtoto, 116. Mtoto akiwa hatarini sasa hivi, anza na polisi. Angalia pia muda uliowekwa na kama maandishi yanatakiwa. California, kwa mfano, inataka simu mara moja na ripoti ya maandishi ndani ya saa 36.

Utaulizwa jina na umri wa mtoto, anapopatikana, ulichokiona, na kama kuna watoto wengine nyumbani. Usilolijua sema hulijui, na usiache kupiga simu kwa sababu ya nafasi mbili tatu utakazoziacha wazi. Chukua jina la aliyekupokea na namba ya taarifa.

Usimpigie mzazi kumtahadharisha pale unaposhuku ukatili wa nyumbani, hasa wa kingono. Waulize kwanza wanaopokea taarifa. Mtoto anaweza kunyamazishwa, kupigwa au kuhamishwa kabla mtu hajafika.

Maswali ya washiriki wa somo

*Shikamoo mwalimu. Mimi nafundisha shule ya msingi. Utaratibu wetu ni kumwambia mwalimu mkuu, naye ndiye anaamua. Nikimwambia nimemaliza wajibu wangu?*

Marahaba. Mwambie, lakini usiishie hapo. Katika sheria nyingi wajibu ni wa mtu aliyeshuku mwenyewe, na hauhamishiki kwa kumwarifu bosi. California inasema hivyo waziwazi na inamkataza msimamizi kumzuia mfanyakazi wake. Ikiwa mkuu ataipeleka, omba namba ya taarifa. Usipoipata, au akikwambia "tulimalize kifamilia", ipeleke mwenyewe leo.

*Mimi ni muuguzi. Tumeapa kutunza siri za wagonjwa. Hili haliwezi kunigeuka?*

Sheria inapokulazimisha kutoa taarifa, usiri wa mgonjwa huwa umefunguliwa kwa kiasi hicho. Peleka kinachohusu usalama wa mtoto, kwa mamlaka inayotakiwa, na si kwa mwingine. Kulisimulia chumba cha chai ni kuvunja siri. Mawakili na viongozi wa dini ndio wenye misamaha inayotofautiana sana kati ya nchi na nchi, na hao wasome kifungu chao wenyewe.

*Nikikosea je? Naogopa kuvunja ndoa ya watu na mtoto kuchukuliwa bure.*

Hofu hii ninaiheshimu, maana inatokana na kujali. Sheria nyingi zinamkinga aliyetoa taarifa kwa nia njema hata kama uchunguzi hautakuta kitu. Anayeadhibiwa ni aliyesema uongo kwa makusudi. Kuhusu mtoto kuchukuliwa, hilo ni hatua ya mwisho na uamuzi wake hauko kwako. Familia nyingi nilizofika zilibaki na watoto wao, baadhi zikiwa na mtu wa kuwatembelea na msaada ambao hawakuwa nao. Ukiwa na wasiwasi, piga simu ueleze hali bila kutaja jina la mtoto kwanza, uulize kama inafikia kiwango.

*Mtoto aliniapisha nisimwambie mtu. Nikisema atajua ni mimi.*

Mwambie kabla hujasema, dada yangu. "Ulichoniambia siwezi kubaki nacho peke yangu, kwa sababu nataka uwe salama. Nitamwambia mtu ambaye kazi yake ni hiyo." Anaweza kukasirika, anaweza kulia. Kaa naye. Jina la mtoa taarifa kwa kawaida hufichwa, ingawa mahakama inaweza kuliitisha, na wakati mwingine familia hukisia. Mweleze anayepokea taarifa kwamba unaogopa kisasi, ili wapange namna ya kuingia.

*Mimi ni mshauri nasaha. Mteja wangu ana miaka 30 na kitu, amenieleza alivyofanyiwa na mjomba alipokuwa mdogo. Natakiwa kuripoti?*

Inategemea sheria ya mahali ulipo, nyingine zinamhusu aliye mtoto sasa tu. Lakini swali la kujiuliza ni hili: mjomba huyo yuko wapi leo? Kama anaishi na watoto, anafundisha au anawalea, basi kuna watoto walio hatarini sasa, na shaka yako inawahusu hao. Ongea na mteja kabla ya kuchukua hatua, ni simulizi lake. Na siku nyingine, eleza mipaka ya usiri kikao cha kwanza kabisa, kabla mtu hajafungua moyo.

*Niliripoti, wiki zimepita, mtoto bado anakuja na alama. Nimevunjika moyo.*

Ripoti tena. Alama mpya ni taarifa mpya, na wajibu wako unaanza upya kila unaposhuku upya. Taja namba ya taarifa ya kwanza ili ziunganishwe. Huenda kuna kinachoendelea usichoruhusiwa kuelezwa, lakini usilichukulie hilo kuwa jibu. Muulize afisa moja kwa moja kama mtoto ameshaonwa ana kwa ana. Kama hajaonwa, omba kuzungumza na msimamizi wake, kisha uandike barua kwa ofisi ya juu yake na ubaki na nakala. Kama alama za leo ni za kichwani, tumboni au shingoni, usisubiri barua: mtoto apelekwe hospitali sasa, na polisi waarifiwe akiwa huko.