Intaneti ya ofisi inapozidiwa: pima kwanza, ndipo ufunge

Kabla hujasema unashambuliwa, yaani mtu anakujazia laini makusudi, jua kinachojaa ni laini au ruta. Kwenye MikroTik, aina ya ruta ambayo utaikuta kwenye maofisi mengi kuanzia Kariakoo hadi Mbezi, fungua Interfaces utazame mlango wa nje (ule unaokwenda kwa mtoa huduma). Kama laini yako ni Mbps 20 na Rx (data inayoingia) imeganda hapo hapo hata baada ya kuchomoa waya wote wa ndani, mzigo unatoka nje. Kama iliyojaa ni Tx (data inayotoka), huenda kuna kifaa chako kinachowashambulia wengine. Hili la pili watu wengi hawalitegemei.

Mkosaji wa kawaida ni DNS, huduma inayogeuza majina ya tovuti kuwa anwani za IP. Fundi huweka tiki kwenye Allow Remote Requests ili kompyuta za ndani zipate majibu, halafu anasahau kufunga upande wa nje. Mtu wa mbali anatuma swali la baiti chache kwa kughushi anwani ya anayetaka kumuumiza. Ruta yako inampelekea huyo anayelengwa jibu lililo kubwa mara nyingi kuliko swali. Ukifungua Tools > Profile utaona dns inakula CPU. Funga hivi kwenye Terminal:

/ip firewall filter
add chain=input in-interface=pppoe-out1 protocol=udp dst-port=53 action=drop place-before=0
add chain=input in-interface=pppoe-out1 protocol=tcp dst-port=53 action=drop place-before=0

Kama orodha ya kanuni bado ni tupu, ondoa place-before=0. Angalia jina la mlango, hapa pppoe-out1: laini ikiwa ya PPPoE (ile ruta inayoingia kwa jina na nywila ulizopewa na mtoa huduma), ukiandika ether1 kanuni haitakamata kitu na kaunta itabaki sifuri. Kanuni husomwa kutoka juu kwenda chini, kwa hiyo iliyo chini ya accept pana (kanuni inayoruhusu karibu kila kitu) haifanyi kazi. Usifunge src-port 53 (paketi zinazotoka kwenye port 53), utakata majibu ya DNS yako mwenyewe.

Kisha kamera. Mwaka 2016 Mirai, programu hasidi, iliteka kamera na DVR (mashine za kurekodi video za kamera) kwa kujaribu tu nywila za kiwandani. Badilisha nywila, zima UPnP (inayoruhusu vifaa kujifungulia njia kwenye ruta), futa dst-nat (kanuni inayopitisha watu wa nje) inayoelekea kwenye DVR. Bosi anayetaka kutazama duka akiwa nyumbani aingie kwa VPN, njia ya siri inayomwingiza kwenye mtandao wa ofisi.

Laini ikiwa imejaa kutoka nje, kanuni zako hazisaidii: paketi zimeshapita kwenye waya kabla ya kutupwa. Mpigie mtoa huduma, umpe anwani ya IP inayopigwa, saa ilipoanza, itifaki na namba ya port unayoiona kwenye Torch, chombo cha MikroTik cha kutazama trafiki. Omba kimoja kati ya viwili: achuje huko kwake, au akubadilishie anwani. Akikwambia ataweka blackhole, elewa kwamba trafiki yote ya anwani hiyo itatupwa, ya wateja wako ikiwemo. Kubali pale tu ambapo una anwani nyingine. Wakati unasubiri, hamishia mashine za malipo kwenye ruta ya 4G ya mtandao mwingine, na Wi-Fi ya wageni uizime, la sivyo bando litaisha kabla ya adhuhuri.