Urli ya shaba ina kona yake

Mnaopenda kupamba nyumba kwa kufuata Vastu, elimu ya kale ya Wahindi kuhusu ujenzi na mpangilio wa makazi, tafuteni pande za dira kabla ya kununua chochote. Simama katikati ya nyumba, si mlangoni, ufungue dira ya simu. Kaa mbali na friji na mlango wa chuma, vinaipotosha.

Kaskazini-mashariki, yaani Ishanya, ni kona ya maji na sala. Hapo ndipo pa urli, lile bakuli pana la shaba ambalo huko Kerala, jimbo la kusini mwa India, hutumika kupikia, na watu wengi siku hizi hulijaza maji na kuweka maua yaelee juu yake. Mimi nashauri asumini na petali za waridi, maji yaishie vidole viwili chini ya ukingo. Badilisha maji kila siku tafadhali, la sivyo yanaota utelezi na mbu wanataga. Kona hiyo inatakiwa iwe nyepesi na safi, kwa hiyo sanamu nzito ya jiwe ipeleke kusini-magharibi.

Usiiweke urli kusini-mashariki, huko ni kwa Agni, mungu wa moto; panafaa taa za mafuta. Kobe wa shaba yeye huwekwa kaskazini, upande wa Kubera, mungu wa mali.

Shaba ikififia, isugue kwa ukwaju uliolowekwa na chumvi kidogo, suuza, kisha ikaushe papo hapo isipate madoa.