Kukagua mabadiliko ya kanuni za uendeshaji wa kinu cha nyuklia: sababu kwanza, namba baadaye

Ombi la mwenye kituo kwa mamlaka ya usimamizi, la kubadilisha kanuni za uendeshaji, huja na kurasa chache zilizobadilishwa na rundo la viambatisho. Mkaguzi mgeni hukimbilia zile kurasa, akalinganisha namba ya zamani na mpya. Usianzie hapo. Fungua kwanza uchambuzi wa usalama wa kituo na maelezo ya msingi wa kanuni, kisha kwa kila sharti linaloguswa uliza: linalinda nini, dhidi ya ajali ipi, na namba yake ilitoka katika hesabu gani? Jibu lisipopatikana kwenye nyaraka, ombi halijakamilika. Mpelekee mwombaji swali kwa maandishi kabla hujaendelea.

Sababu isiyoandikwa ni hatari kwelikweli. Kanuni za Chernobyl mwaka 1986 zilikuwa na kikomo cha akiba ya fimbo za kudhibiti (fimbo zinazoingizwa ndani ya kinu kupunguza nguvu yake; akiba ni kiasi cha fimbo zilizomo ndani): ikishuka chini ya fimbo 15, kinu kizimwe mara moja. Hazikueleza kwamba akiba ikiwa ndogo, fimbo zinapoanza kuingia kwa pamoja kutoka juu zinaweza kuongeza nguvu badala ya kuipunguza. Waendeshaji walikichukulia kikomo hicho kama suala la kusambaza nguvu vizuri ndani ya kinu. Usiku wa ajali akiba ilishuka hadi takriban fimbo 8.

Ukishaijua sababu, lisome sharti zima. Lina sehemu nne: hali ya kinu ambamo linatumika, kiwango kinachotakiwa, hatua za kuchukua na muda wake likivunjwa, na upimaji wa kuthibitisha kwamba linatimizwa. Mwombaji hugusa sehemu moja akasahau nyingine tatu. Katika kanuni sanifu za Marekani kwa vinu vya maji yenye presha, jenereta moja ya dizeli ya umeme wa dharura ikishindwa kuna saa 72 za kuirudisha. Zikishindwa mbili, ni saa 2 tu kurudisha mojawapo. Pasipo hatua iliyoandikwa kwa hali fulani, maandalizi ya kuzima yaanze ndani ya saa 1, na kinu kifike chini ya nyuzi 93 za Selsiasi ndani ya saa 37. Soma pia "na" na "au" kwa jicho kali. Neno moja likikosewa, hatua mbili za lazima zinageuka kuwa hiari ya kuchagua.

Kazi nzito zaidi iko kwenye maombi ya kurefusha muda kati ya kalibresheni (kulinganisha chombo cha kupimia na kipimo sahihi na kukirekebisha), mathalani kutoka miezi 18 hadi 24. Kanuni nyingi huruhusu nyongeza ya asilimia 25 ya muda, kwa hiyo chombo kinaweza kukaa miezi 30 bila kuguswa. Makosa ya chombo katika kupima yahesabiwe kwa miezi 30, si 24.

Chukua mfano wa kinu kinachojizima presha ikipanda. Tuseme uchambuzi wa ajali unakubali kizimike kabla presha haijavuka MPa (megapaskali) 16.90. Chombo kina kosa la MPa 0.12 litokanalo na kipimo kuhama polepole ndani ya miezi 22.5, yaani miezi 18 pamoja na nyongeza, na makosa mengine ya jumla ya 0.22. Yakiwa hayategemeani, kila moja hupigwa kipeo cha pili, yanajumlishwa, kisha hutafutwa kipeuo: unapata 0.25. Kiwango cha kutegea, yaani presha ambayo chombo kikiisoma kinu kinajizima, hakiwezi kuzidi 16.65. Sasa kosa la kuhama likikua sambamba na muda, kwa miezi 30 linakuwa 0.16, jumla inapanda hadi 0.27, na kiwango kinashuka hadi 16.63. Mwombaji akibakisha 16.65, amekula sehemu ya nafasi ya usalama ambayo uchambuzi unaitegemea. Namba ya kutegea haijabadilika hata kidogo, ndiyo maana kosa hili hupita kwa urahisi.

Dai rekodi za kila kalibresheni: chombo kilikutwa kikisoma ngapi, kikaachwa kikisoma ngapi. Angalia kama vipimo vibaya vimeondolewa kwa kisingizio kwamba "chombo kilikuwa kibovu". Bila chanzo cha ubovu kilichothibitishwa, virudishwe kwenye hesabu. Kataa pia data za modeli tofauti zilizochanganywa ili sampuli ionekane kubwa.

Namba za matangi ya mafuta ya jenereta za dharura nazo hudanganya. Jenereta inayotumia lita 1,500 kwa saa ikiwa na mzigo wa ajali huhitaji lita 252,000 kwa siku 7. Mafuta mapya yenye nishati pungufu kwa asilimia 2 yanaipandisha hadi lita 257,000 hivi. Ongeza mafuta yasiyofikiwa na bomba la kunyonya, tuseme lita 4,000, na kosa la kipimo cha kina, lita 3,000. Mhudumu wa zamu asome angalau lita 264,000. Kanuni ikibaki na 252,000, upimaji utafaulu kila mwezi huku jenereta ikiwa na mafuta yasiyotosha siku 7.

Usiidhinishe upimaji bila kusoma utaratibu wake hatua kwa hatua. Je, unafunga mkondo A na B, yaani seti mbili za vifaa vya usalama zinazosaidiana, kwa wakati mmoja? Nani anathibitisha kwamba vali zimerudishwa? Kwenye kinu namba 2 cha Three Mile Island, Marekani, Machi 1979, vali mbili za maji ya dharura ya kupoza ziligunduliwa zimefungwa kama dakika 8 baada ya ajali kuanza. Upimaji uliohitaji zifungwe ulikuwa umefanyika siku 2 kabla.

Kwa maombi ya kurefusha muda wa kukaa na kifaa kibovu, hesabu za uwezekano husaidia, lakini zisiwe hoja pekee. Mwongozo wa Marekani hutazamia ongezeko la uwezekano wa kiini cha kinu, penye fueli, kuharibika, kwa kipindi kimoja cha matengenezo, libaki chini ya 1 kwa milioni. Kagua kama hesabu imejumuisha moto, mafuriko na tetemeko, na kama inadhani mkondo uliobaki ni mzima. Hilo la pili liandikwe kuwa sharti: mkondo wa pili usifanyiwe matengenezo wakati huohuo, na hali ya gridi, yaani mtandao wa umeme wa nje, iangaliwe kabla ya kuanza.

Kibali kikitoka, kitaje tarehe ya kuanza kutumika, na utekelezaji usianze kabla taratibu za chumba cha udhibiti hazijarekebishwa, zamu zote hazijafunzwa, na viwango vipya havijategwa kwenye vyombo vyenyewe. Nakala ya zamani iondolewe mezani siku hiyohiyo.